UZI: Rangi za miombo kabla ya mvua – kupanga picha ya pori na kuhariri rangi bila kuziharibu

Mupundu_Mrefu (mwanzisha uzi, Lubumbashi)

Jambo yenu wapenzi wa picha.

Kuanzia mwishoni mwa Agosti hadi mvua zinapokolea mwezi wa Novemba, pori la miombo linalozunguka Lubumbashi hufanya jambo la ajabu: ardhi bado imekauka, majani ya chini yameungua, lakini miti inachipua. Na majani hayo machanga hayatoki na rangi ya kijani. Yanatoka mekundu, ya shaba, ya waridi, mengine ya zambarau iliyoiva, kwa sababu ya anthosayanini, rangi ya asili iliyomo ndani yake. Baada ya wiki chache yanageuka kijani na nafasi imepita hadi mwaka unaofuata.

Msimu huo ukifika naona picha nyingi zikipandishwa mitandaoni, na nyingi zina kasoro mbili zilezile. Fremu imejaa vijiti na matawi hadi jicho halina pa kutua, na rangi imekolezwa hadi hakuna anayeamini kwamba jani lile liliota mtini. Nataka tujadili hayo mawili kwa kina, maana pori letu linastahili picha nzuri kuliko hizo. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: picha ya pori hupatikana kwa kupunguza. Unapunguza ukiwa porini, halafu unapunguza tena ukiwa mbele ya kompyuta.

Tuanze na porini.

Miombo ina tabia yake. Miti mingi ni ya mita 10 hadi 20, matawi yametandazwa juu, na majani hayakubanana kama ya msitu wa mvua. Kwa hiyo kila unapoelekeza kamera kuna matundu ya anga kati ya majani. Jicho la mtazamaji hukimbilia palipo na mwanga mkali zaidi, na pale ambapo cheusi kinagusana na cheupe. Ukiwa na matundu meupe hamsini juu ya fremu, umempa mtazamaji sehemu hamsini za kutazama, na mti uliokusimamisha ameukosa.

Dawa ya kwanza ni kuondoa anga yote. Usiinue kamera, ishushe. Tafuta mahali penye mwinuko utazame chini au usawa, nyuma ya mti wako pawe na miti mingine badala ya anga. Sisi wa huku tuna bahati ya vichuguu. Vile vikubwa vya mchwa Macrotermes vina urefu wa mita kadhaa, na vingine karibu na Lubumbashi vilivyopimwa umri vimeonekana kuwa na zaidi ya miaka 2,000. Panda juu ya kimoja, utazame kingine kilicho mbali kidogo. Utaona kwamba miti ya juu ya kichuguu ni tofauti na ya pembeni: imebanana na kijani chake ni kizito, huku miombo inayokizunguka ikiwa ya shaba. Hapo una doa moja la kijani ndani ya wekundu, na picha imeshajipanga yenyewe.

Dawa ya pili ni lenzi. Wengi wakiingia porini huchukua lenzi pana ili "wapate yote". Ukipata yote umepata vurugu. Mimi napendelea milimita 70 hadi 200. Lenzi hiyo inakata anga, inakata nyasi zilizoungua miguuni, na inasogeza safu za miti zikaribiane. Lenzi pana naitoa tu pale penye kitu chenye nguvu karibu kabisa nami, mfano shina la mupundu lenye magome mazito au kisiki kilichochipua machipukizi mekundu.

Dawa ya tatu haina gharama: hatua moja kushoto, hatua moja kulia. Angalia mashina. Shina la mbele likifunika nusu ya shina la nyuma, jicho linaona mti mmoja mnene wenye umbo baya. Sogea hadi kila shina lipate hewa yake. Kisha zungusha jicho kwenye kona nne za fremu kabla ya kubonyeza. Kona ndizo zinazoingiza tawi lisilo na mwenyewe, na tawi hilo hulioni hadi ufike nyumbani.

Ukishachagua mti mkuu, mingine yote iwe ya kuusindikiza. Kama huwezi kusema kwa sentensi moja kwa nini umesimama hapo, usipige bado.

Sehemu ya rangi naileta chini. Karibuni.

---

Mwanafunzi_Lshi

Aksanti sana yaya. Mimi nina simu tu. Je, haya yote yananihusu au ni ya wenye kamera kubwa?

---

Kinga_na_Kamera

Naongezea kuhusu mwanga, kwa sababu mimi natoka mapema na kinga (baiskeli) yangu kwenye barabara ya Kasenga.

Mwezi wa kumi jua la Lubumbashi halina huruma. Karibu na tarehe 24 Oktoba linapita juu kabisa ya kichwa saa sita mchana, kivuli cha mti kinaanguka kwenye mguu wa mti wenyewe. Mwanga wa namna hiyo unatoboa majani kutoka juu na kuacha madoa meupe ardhini kila mahali. Hakuna programu itakayokuokoa hapo. Na kwa kuwa tuko karibu na ikweta, jua linapanda na kushuka wima, kwa hiyo mwanga mlaini wa asubuhi unaisha baada ya kama nusu saa. Ukitaka huo mwanga, lazima uwe umeshasimama mahali pako kabla jua halijachomoza.

Njia nyingine ni kupiga ukilielekea jua likiwa chini, mti ukiwa kati yako na jua. Jani changa la miombo ni jembamba, mwanga ukipita ndani yake linawaka. Ukilipiga jua likiwa mgongoni mwako, jani hilohilo linakuwa bapa, rangi imelala. Ficha jua lenyewe nyuma ya shina ili mwanga usiingie moja kwa moja kwenye lenzi.

Moshi nao tusiulaani. Mwezi wa nane na wa tisa mashamba na pori vinachomwa, na anga imejaa moshi. Kwa mapafu ni vibaya, lakini kwa picha moshi unatenganisha miti ya mbele na ya nyuma: safu ya kwanza nyeusi, ya pili ya kijivu, ya tatu imefifia. Kina kinapatikana bila kazi. Siku ya mawingu mwanzoni mwa mvua nayo ni nzuri sana kwa rangi, maana hakuna kivuli kikali na majani yameoshwa vumbi.

---

Mupundu_Mrefu

Kinga_na_Kamera, hiyo ya kulielekea jua ningeichapa na kuibandika ukutani. Aksanti ndugu yangu.

Mwanafunzi, yanakuhusu yote, mdogo wangu. Lenzi kuu ya simu nyingi ni pana, kwa hiyo kosa la "kupata yote" linakungoja zaidi ya mwenye kamera. Kama simu yako ina lenzi ya pili ya kukuza, itumie hiyo. Kama haina, sogea karibu na uchague kitu kidogo: tawi moja, shina na kivuli chake, machipukizi juu ya kisiki. Gusa skrini mahali penye mwanga zaidi kisha shusha mwanga kidogo, ili wekundu usifumuke. Na kama simu ina hali ya kitaalamu inayotoa faili ghafi za DNG, yaani picha ambazo simu haijazichakata, iwashe. Programu ya Snapseed inazifungua bure.

Sasa rangi.

Kwanza mizani ya weupe. Kamera ikiachwa ijichagulie, inaona pori lote lina joto, inadhani ni kosa la taa, inaongeza buluu kusawazisha. Matokeo yake shaba inakuwa kahawia iliyopauka. Iweke wewe mwenyewe kwenye mwanga wa mchana, karibu kelvini 5,500, na uiache hapo. Ukiwa na faili ghafi unaweza kurekebisha baadaye bila hasara, lakini bado ni vizuri kuona rangi ya kweli kwenye skrini ukiwa palepale, kwa sababu unachokiona ndicho kinachokuongoza usimame wapi.

Pili, na hapa ndipo nilipotaka kufika: usiongeze nyekundu. Punguza kijani.

Mkemia mmoja Mfaransa, Chevreul, aliyekuwa mkuu wa idara ya kutia rangi kwenye kiwanda cha mazulia cha Gobelins, Paris, alieleza jambo hili mwaka 1839. Mafundi walilalamika kwamba nyuzi fulani hazina nguvu ya rangi. Alipochunguza akakuta nyuzi hazina kasoro, tatizo ni rangi zilizowekwa kando yake. Rangi moja hubadilika machoni kwa sababu ya jirani yake. Nyekundu ikikaa kando ya kijani inaonekana nyekundu zaidi kuliko ilivyo.

Basi porini majirani tayari wapo. Kijani cha kichuguu, kijani cha miti iliyotangulia kugeuka. Shusha ukolevu wa kijani kidogo, shusha na mwangaza wake, kiwe kizito na kitulie. Utaona wekundu umepanda wakati hujaugusa. Ukifanya kinyume, ukavuta kitelezi cha ukolevu wa picha nzima, kila kitu kinapiga kelele kwa pamoja: majani, udongo, magome, hata ngozi ya mtu aliyepita.

Udongo hasa. Udongo wetu ni mwekundu wa machungwa, na majani ya shaba yako kwenye kundi hilohilo. Ukikoleza rangi ya machungwa ili majani yapendeze, barabara nayo inawaka. Hapo tumia brashi au barakoa (zana za kutenga sehemu moja ya picha), fanya kazi kwenye majani peke yake, au ushushe mwangaza wa ardhi ili isishindane.

Tatu, matundu ya anga yaliyobaki. Huwezi kuyakwepa yote. Chukua brashi, shusha mwanga mkali ndani ya matundu yale, na uongeze joto kidogo ili yasiwe meupe ya karatasi. Kisha tia giza kwenye kingo za fremu kwa mkono, polepole, na uangaze kidogo upande ambao mwanga ulikuwa unatoka kweli. Kazi hii ya kuangaza hapa na kutia giza pale ni ya zamani. Mpigapicha wa Marekani, Ansel Adams, aliifanya kwa mikono yake ndani ya chumba cha giza miaka mingi kabla ya kompyuta.

---

Baba_Wawili

Nafuatilia. Ningeomba mwenye picha kabla na baada ya kuhariri aziweke.

---

Fundi_Rangi

Mupundu, nakubaliana nawe kwa sehemu kubwa, ila hapo kwenye kijani nina la kuongeza, maana watu watakwenda kuvuta kitelezi cha kijani na wataona hakuna kinachobadilika.

Majani mengi tunayoyaita ya kijani, programu inayasoma kuwa njano. Hasa yakipigwa na jua. Kwa hiyo anza na kitelezi cha njano: kisogeze kidogo kuelekea machungwa, shusha ukolevu, halafu ndipo uguse kijani. Kijani chenyewe kikiegemea buluu kinakuwa baridi, cha msonobari, na miombo haina baridi hiyo. Kiegemeze kwenye njano kidogo. Kidogo kweli. Ukizidisha, pori zima linakuwa la haradali na huwezi kutofautisha mwezi wa tano na wa kumi.

La pili ni wekundu kufumuka. Kihisio cha kamera nyingi kimepangwa kwa utaratibu aliobuni Bryce Bayer wa Kodak, hataza ya mwaka 1976: katika kila vijisehemu vinne, viwili vinapokea kijani, kimoja nyekundu, kimoja buluu. Histogramu ya kawaida, ule mchoro wa kuonyesha mwanga wa picha kutoka giza hadi weupe, inasikiliza kijani zaidi. Unaweza kuona histogramu imetulia, kumbe wekundu umeshafika ukutani na jani limepoteza mishipa yake, limebaki doa. Fungua histogramu inayoonyesha rangi tatu mbalimbali, na kama nyekundu inagusa ukuta wa kulia, punguza mwanga upige tena.

Na faili ghafi, jamani. JPEG, ile faili ya kawaida ya picha, ina ngazi 256 kwa kila rangi. Faili ghafi ya biti 14 ina ngazi 16,384. Ukianza kusogeza njano na machungwa, ambazo ziko karibu sana, tofauti hiyo ndiyo inayozuia rangi kukatika vipande. Asiye na hela ya programu atumie darktable au RawTherapee. Ni za bure na zinafanya kazi hata intaneti ikikatika.

Halafu kichujio cha polaraizi. Jani changa linang'aa, na mng'ao huo ni mweupe, unafunika rangi. Zungusha kichujio polepole huku ukitazama majani, utaona mng'ao unaondoka na rangi iliyokuwa chini yake inajitokeza. Hiyo huwezi kuipata baadaye kwa programu. Kinakula mwanga, kwa hiyo beba miguu mitatu. Tundu la lenzi f/8 au f/11 linatosha.

---

DadaKivu (Bukavu)

Ndugu zangu wa Lubumbashi, huku kwetu hali ni nyingine. Msitu wa mlimani, ule wa Kahuzi-Biega, una mianzi na miti mirefu iliyofunikwa na kuvumwani na mimea ya kutambaa. Hakuna shaba wala waridi. Ni kijani juu ya kijani mwaka mzima. Hiyo mbinu ya kupunguza kijani ili kingine kionekane, sisi hatuna hicho kingine. Tufanye nini?

---

Mupundu_Mrefu

Dada, swali zuri sana. Pale ambapo rangi ni moja, achana na rangi, fanya kazi na mwangaza. Jaribu kuigeuza picha iwe nyeusi na nyeupe kwa muda. Kama mti mkuu bado unaonekana, umeshinda. Kama umepotea ndani ya kijivu, basi hata ukirudisha rangi utabaki umepotea, na huna budi kutafuta ukungu nyuma ya mti au mwanga unaougusa peke yake.

Ninyi mna ukungu, tumieni. Na ukishaupata usiufute! Kuna kitelezi cha kuondoa ukungu ambacho watu hukivuta hadi mwisho kila wanapoona weupe kidogo. Ukungu ndio uliotenganisha miti yako. Ukiuondoa umerudisha vurugu uliyotoka kuikimbia.

Kwenye kijani chenyewe tenga viwili: cha karibu kiwe na joto kidogo, cha mbali kiwe na buluu kidogo. Jicho linasoma joto kuwa karibu na baridi kuwa mbali. Unaweza pia kulainisha sehemu za mwanga kwa mbinu ya Michael Orton, mpigapicha wa Kanada, ambaye miaka ya 1980 alibandika slaidi mbili pamoja, moja kali na moja yenye ukungu wa lenzi. Leo inafanywa kwa tabaka mbili kwenye programu. Tabaka lile laini usilipandishe sana, na mashina yaache na ukali wake.

---

Baba_Wawili

Nimesoma hadi hapa, na nina jambo linanikera. Mnazungumza kupunguza, kuondoa, kushusha. Mimi nimezaliwa upande wa Kipushi. Pori nililolijua utotoni limekwenda kwenye makala (mkaa). Leo ukitoka mjini unatembea mwendo mrefu kabla hujaona mti mkubwa. Picha zenu zinaonyesha pori lisilo na kisiki, lisilo na tanuru la makala, lisilo na kinga iliyobeba magunia. Mtu wa mbali akiziona atasema Katanga pori lake liko salama. Huo si uongo?

---

Kinga_na_Kamera

Mzee ana hoja.

---

Mupundu_Mrefu

Ana hoja kubwa, na sitaki kuipita haraka.

Baba, mimi natenganisha mambo mawili. Nikisogea hatua moja ili kisiki kitoke kwenye fremu, nimechagua cha kukuonyesha. Kila picha ni chaguo, hata ya pasipoti. Lakini nikikipiga kisiki halafu nikakifuta kwa programu, nimesema mahali hapa hapakukatwa mti, wakati palikatwa. Hilo silifanyi, na ninaomba wenzangu humu wasilifanye. Siku hizi programu zinafuta kitu kwa kidole kimoja na kuota nyasi mahali pake. Tawi lililoingia kwenye kona nitalikata kwa kupunguza fremu. Kisiki, njia ya makala, mti wa mukula ulioangushwa, hivyo ni historia ya mahali.

Vilevile rangi. Nikishusha kijani, jani jekundu lilikuwa jekundu kweli. Nikichukua pori la mwezi wa pili, lililojaa kijani, nikageuza kitelezi likawa la shaba, nimetunga msimu ambao haukuwapo. Mtu atafunga safari kuja kuona kitu ambacho hakipo.

Na zaidi ya hayo, nadhani tumekuwa waoga wa visiki bila sababu. Miombo inachipua kutoka kwenye visiki vyake, na machipukizi hayo ndiyo mara nyingi yenye wekundu mkali kuliko majani ya juu. Yapo chini, karibu nawe, mbele ya lenzi. Pale ambapo wenye makala wamepita na miaka imepita bila moto mkali, kuna picha za nguvu sana: visiki vyeusi, vichipukizi vya damu ya mzee, kichuguu cha kijani nyuma. Mpangilio wake ni uleule, chagua kisiki kimoja kiwe mhusika, vingine visindikize. Mtazamaji ataona uzuri na ataona pia kilichotokea.

---

Baba_Wawili

Hapo nimekuelewa, mwanangu. Pigeni hizo.

---

Fundi_Rangi

Kwa visiki vilivyoungua, angalizo moja la kuhariri: cheusi cha mkaa kisiachwe kizame kabisa. Inua vivuli kidogo hadi uone mistari ya kuni, vinginevyo unabaki na shimo katikati ya picha. Na usiviongezee ukali pamoja na picha nzima, ukali uweke kwenye kisiki tu. Nyasi zilizoungua zikiongezewa ukali zinarudisha ile fujo ya vijiti.

---

Mwanafunzi_Lshi

Yaya, swali la mwisho kwangu. Nahariri usiku kwenye simu, picha inapendeza, asubuhi naiona ina giza. Nilipochapisha moja kwa ajili ya sebule ya mama ikatoka nyeusi zaidi. Tatizo ni simu au ni mwenye kuchapisha?

---

Mupundu_Mrefu

Ni mwangaza wa skrini, mdogo wangu. Usiku ndani ya chumba chenye giza skrini inaonekana kali, kwa hiyo unaishusha picha. Zima mwangaza wa kujirekebisha, weka katikati, washa taa ya chumba. Zima pia ule mfumo wa usiku unaotia skrini unjano, maana huo utakudanganya kwenye shaba yote.

Karatasi haina taa ndani yake, kwa hiyo picha ya kuchapa iinue mwanga kidogo kuliko ile ya mtandaoni. Ihifadhi kwa sRGB (mpangilio wa rangi wa kawaida), usiipitishe WhatsApp kwa njia ya kawaida kwa sababu inaibana, itume kama waraka au uipeleke kwenye flashi. Na kabla ya kulipia ile kubwa, mwombe fundi akuchapie kipande kidogo chenye jani jekundu na udongo pamoja, ukitazame nje mchana. Kama jani na udongo bado ni rangi mbili tofauti, mwambie aendelee.